Kiti cha Mlingoti

Baiskeli ilikuwa ya mtu mrefu, na fundi cherehani hakuwa mrefu. Kila mtu aliliona hilo siku basi lilipowashusha mpakani. Yeye mwenyewe aliliona pia, akalifumbia macho. Ili apande ilimbidi atafute jiwe, au ngazi ya duka, au ukingo wa mtaro. Ili ashuke ilimbidi aegemee chochote kilichokubali kuegemewa. Akiwa juu, ncha za vidole tu ndizo zilizogusa pedali zikifika chini, na kiuno kilikuwa kikiyumba huku na huku kama bata anayewahi maji.

"Shemeji," kinyozi alimwita, "huko juu mvua inaonekana?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka kidogo, kwa adabu. Kinyozi alikuwa rafiki wa marehemu mume wake. Alimnyoa miaka yote huku akilalamika kwamba mteja ameketi na bado yeye inabidi asimame juu ya kreti ya soda ili alione paa la kichwa. Ndiye aliyempa jina la Mlingoti, na jina likamganda hadi hata mkewe akawa anamwita hivyo.

Mlingoti alikuwa fundi rangi. Dari za vyumba vingi alizipaka bila ngazi. Na kila mwaka, msimu wa mvua ukiisha, aliweka brashi chini na kuungana na kikundi hiki cha watu wa kawaida: kinyozi, wauguzi, fundi simu, mwalimu mstaafu aliyekuwa kiongozi wao. Walivuka mpaka na kuendesha baiskeli siku tano hadi mji mkuu wa nchi jirani, kwenye hospitali kubwa ambako wenyeji waliwapokea. Majirani, ndugu na wateja walichangia safari hiyo, na michango ikanunua mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo wa pande zote mbili. Mlingoti alizichangia mashine hizo bila kujua kwamba mojawapo ilikuwa inamngoja yeye.

Alipougua, baiskeli ilikaa imeegemea ukuta wa jikoni. Kisha Jumapili moja akaamka ana nguvu. Akaketi uani kwenye kigoda, akaupaka mnyororo mafuta, akakaza breki, akapandisha kiti hadi pale miguu yake ilipopenda, akakibana. Halafu akachovya brashi ndogo kwenye rangi ya buluu iliyobaki ya nyumba ya mtu, akachora mstari mwembamba kwenye nguzo ya kiti, juu kidogo tu ya pete inayoibana.

"Hapa hapa," akamwambia mkewe. "Mtu asikiguse. Mwaka huu nakwenda."

Hakwenda. Hazikupita siku nyingi, akazikwa.

Mjane aliingiza baiskeli chumbani akaifunika shuka. Viatu vya Mlingoti vilibaki mlangoni kama vilivyokuwa, ovaroli lake lenye madoa likabaki kwenye msumari. Kinyozi alipokuja, akikunakuna kichwa, kuuliza kama baiskeli ingeweza kuazimwa kwa mtu mwingine wa msafara, alijibiwa hata kabla hajamaliza: "Nitakwenda nayo mimi." Akaanza mazoezi alfajiri kabla ya kufungua duka la ushonaji. Lakini alifanya mazoezi kwa baiskeli ya jirani. Ya Mlingoti hakutaka kuichosha. Ndiyo maana siku ya mpakani ilikuwa siku yake ya kwanza kuipanda, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa amemwonya.

Alichotaka kilikuwa kimoja: baiskeli ifike ule mji ikiwa vile vile ilivyoachwa, na yeye juu yake. Hakuwa amemwambia mtu. Vitu vingine ukivisema vinakuwa vidogo.

Kwenye gari la msafara, lile linalofuata nyuma na maji, vipuri na masufuria, alikuwemo wifi yake, dada mkubwa wa Mlingoti. Wifi alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke mwenye mikono ya kunyanyua sufuria ya watu mia, naye pia mrefu. Kwao wote walikuwa warefu, ukoo wa milingoti. Alijitolea kuja kuwapikia chai na uji. Tangu mazishi, yeye na mjane walikuwa wakisemeshana kwa heshima, lakini heshima iliyopigwa pasi, isiyo na kunyanzi hata moja.

Mpakani ofisa wa forodha aliikagua baiskeli kwa macho, kisha akamkagua mjane, kisha akarudi kwenye kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Hii ya nani?"

Mjane alifungua mdomo. 

"Ya kwetu," sauti ikajibu nyuma yake. Alikuwa wifi, kabeba ndoo.

Ofisa akapiga muhuri. Mjane akasukuma baiskeli hadi ng'ambo bila kugeuka. Ya kwetu! Nani aliyekesha naye wodini? Nani aliyekuwa akimpangusa jasho mashine ikinguruma? Neno lile alilitia moyoni kama mtu anavyotia sindano mdomoni akiwa na kazi mikononi: hulimezi, huliwachi.

Siku ya kwanza ilipita kwa kuuma meno. Jioni, kwenye uwanja wa shule walipolala, Spana alipita kwenye baiskeli moja baada ya nyingine. Spana alikuwa fundi baiskeli wa msafara, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Ilikuwa kawaida yake kuziosha zote kila jioni na kuzirekebisha, hata kama mwenyewe hajalalamika.

"Mama, njoo nikupimie kiti."

"Kiti kiko sawa."

"Kiko sawa kwa nani?"

Mjane akajifanya hakusikia. Spana akaosha magurudumu, akaacha kiti.

Siku ya pili ndiyo iliyomwangusha. Katika nchi ile magari hupita upande mwingine wa barabara, na kichwa cha mgeni kinakubali jambo hilo kabla ya mikono. Watoto walikuwa wakiwapungia na kuwapigia kelele kwa lugha wasiyoielewa, na kinyozi akiwajibu wote, "Na wewe pia! Na mama yako pia!" Wakafika kwenye mzunguko wa barabara. Lori likatokea upande ambao mjane hakuutarajia. Akabana breki, akashusha mguu utafute ardhi, na mguu haukuipata. Baiskeli ikainama taratibu, kwa aibu, kama mzee anayesinzia mkutanoni, ikamlaza juu ya kokoto.

Jioni ile wifi alimwosha goti kwa maji ya moto, kwenye bweni lenye vitanda vya chuma vya ghorofa. Nyama ya nyuma ya goti ilikuwa imevimba, mapaja yamechubuka.

"Wifi, kile kiti kitakuua."

"Hakikumuua yeye."

Kitambaa kikasimama juu ya goti.

"Nimesema vibaya?" mjane akauliza.

"Hujasema vibaya. Umesema kama mwenye mali."

"Mimi ni nani, basi?"

"Wewe ni mke wake, nani anabisha? Lakini mimi nilimjua kabla hajaota meno." Wifi akakamua kitambaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Wewe ni fundi. Mara ngapi nimekusikia ukiwaambia wateja wako? Nguo ndiyo inayomfuata mtu. Mtu hafuati nguo. Sasa wewe unajikata miguu uingie kwenye suruali ya marehemu."

"Asikiguse mtu. Ndivyo alivyosema."

"Alisema hivyo akijua atapanda yeye."

Mjane akageukia ukuta. Baadaye kidogo kiongozi akabisha mlangoni, akakohoa, akasema kwa upole wa kiualimu kwamba amelitazama lile goti likipita, na kwamba akianguka tena, yeye na baiskeli watapanda gari mpaka mwisho wa safari. "Si adhabu, mama. Ni watu ninaotakiwa kuwarudisha nyumbani." Alipoondoka, mjane alilala akitazama mbao za kitanda cha juu. Goti lilipiga kama saa ya ukutani.

Asubuhi aliikuta baiskeli imeoshwa, inang'aa, na kiti kimeshuka.

Kwanza hakuelewa alichokuwa akikitazama. Kisha akapitisha kidole kwenye nguzo, juu, chini, kote kuzunguka. Mstari wa buluu haukuwepo. 

"Nani amegusa?"

Spana akaja akijifuta mikono. "Dada wa marehemu aliniambia mmekubaliana."

"Rudisha."

"Nitarudisha, mama, mimi ni fundi tu. Lakini kiongozi ameshasema…"

Filimbi ikalia. Polisi wa pikipiki aliyewatangulia hakuwa na tabia ya kungoja mtu. Mwingine akamwita Spana, gurudumu limelala. Mjane akabaki na baiskeli mkononi na hasira isiyo na pa kukaa. Kule kwenye gari wifi alikuwa anapanga vikombe, amempa mgongo. Mgongo unaojua kwamba unatazamwa.

Akapanda. Hakutafuta jiwe. Mguu mmoja ulibaki chini umekanyaga vizuri, wa pili ukaikuta pedali pale ilipotarajiwa, kama mkono unavyoikuta swichi ya taa nyumbani kwako. Hilo nalo lilimuudhi.

Barabara ya siku ya tatu ilikwenda kati ya mashamba, ikipanda kidogo kidogo. Akaendesha. Wa kwanza kuachwa nyuma alikuwa fundi simu, wa pili kinyozi mwenyewe, aliyesema, "Ehe! Shemeji kashuka mbinguni." Goti lilinyamaza. Kiuno kilitulia. Upepo ulimpiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu mpakani hakuwa na maumivu ya kushughulika nayo. Ndipo uchungu wenyewe ulipompata. Siku zote mbili ulikuwa unamfuata nyuma, na maumivu ya mwili ndiyo yaliyouziba njia. Sasa njia ilikuwa wazi. Uliingia wote kwa pamoja, na Jumapili ile, na kigoda, na brashi, na sauti ikisema mwaka huu nakwenda.

Alisimama kwenye kalvati, akaegemeza baiskeli, akaketi juu ya zege akalia kwa sauti, akiwa mbali na kila anayemjua isipokuwa wale waliokuwa wakimpita. Nao walimpita polepole bila kumsemesha, wameinamisha vichwa. Kinyozi akavua helmeti.

Gari likaja likasimama. Wifi akashuka peke yake na chupa ya maji. Hakuitoa. Aliketi kando, akaishika mapajani.

"Umemfuta," mjane akasema.

"Sijamfuta."

"Mstari ule ulikuwa mkono wake. Wa mwisho. Nimepita nao mpaka, nimeanguka nao, wewe umekwenda na uongo wako kwa Spana…"

"Nilidanganya, ndiyo. Kwa hilo nisamehe au usinisamehe." Wifi alikuwa akitazama barabara. "Lakini sijamfuta. Niliuona ule mstari, nikamwambia Spana asiuguse. Akaniambia, mama, wala hauguswi, nguzo ikishuka mstari unaingia ndani ya bomba. Umo humo ndani. Umeukalia tangu asubuhi."

Mjane akageuka akaitazama baiskeli kana kwamba ingekanusha.

"Unajua aliyemfundisha kuendesha?" wifi akaendelea. "Mimi. Nilikuwa nakimbia nyuma nimemshikia kiti. Analia, usiniache, dada, usiniache. Nikamwambia sikuachi. Kisha nikamwachia, akaenda. Alipogundua niko mbali alinitukana tusi ambalo sijui alilitoa wapi, mtoto yule." Akacheka, na kicheko kikamkatikia katikati. "Mlipomzika ulirudi ukafunga chumba. Viatu vyake, ovaroli lake, kila kitu. Sikusema. Nani atasema mbele ya mjane? Lakini mimi, wifi, sikupata hata soksi. Nilipoona unaumia juu ya kile kiti nikasema, angalau hiki nitakishika. Nimezoea kukishika."

 Muda wote ule mjane alidhani anaulinda moto, kumbe mwenzake alikuwa amesimama nje kwenye baridi. Alimtazama wifi yake: miguu ile mirefu iliyokunjwa kwa shida kwenye kalvati fupi, magoti yamefika kifuani. Alikuwa ameyaona magoti yale maisha yake yote ya ndoa, kwenye kigoda, uani.

Akainuka akaenda kwa dereva akaazima spana. Akalegeza pete, akashika kiti kwa mikono miwili, akavuta. Nguzo ilikataa, kisha ikakubali. Ikapanda polepole, na kutoka ndani ya bomba ukachomoza mstari wa buluu, umepakwa grisi lakini mzima. Akaufuta kwa upindo wa fulana, akaisogeza nguzo mpaka mstari ukakaa juu kidogo tu ya pete, akakaza.

"Panda," akasema.

"Nani, mimi? Umri huu? Na gauni hili?"

"Ndani si umevaa suruali ya michezo? Panda, wifi."

Wifi akazunguka baiskeli mara moja kama mtu anayemkagua mbuzi mnadani. Akalifunga gauni kiunoni. Akapitisha mguu juu bila jiwe, bila ukingo, akaketi, na miguu yake ikazifikia pedali sawasawa, kama shati linavyofika begani mwa aliyeshonewa. Gurudumu liliyumba mwanzoni. Mjane akajikuta anakimbia nyuma, ameshika kiti.

"Usiniachie!" wifi akapiga kelele.

"Sikuachii!"

Akamwachia.

Ndani ya gari mjane aliketi karibu na dereva. Mbele yao, chini ya helmeti aliyomwazima na gauni lililofungwa kiunoni, ulikuwa mgongo mrefu ulioinama kidogo kushoto, na goti la kulia likitupwa nje kila linapopanda. Alikuwa anaendesha vile vile kama Mlingoti. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wanaendesha vile vile.

"Nimpite?" dereva akauliza. "Kwa mwendo huu chai itachelewa."

"Usimpite."

"Mama, kwa mwendo huu hata jua litatupita."

"Usimpite," akasema tena, na dereva alipomtazama usoni akarudisha gia ya chini.

Kwenye kituo cha chai kiongozi alikuna kichwa juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kanuni inataka baiskeli ifike kwa magurudumu yake, haijasema kwa miguu ya nani. Basi wakagawana njia. Milima ilikuwa ya mjane, tambarare ya wifi. Kila walipopokezana kiti kilishuka au kilipanda, na kwa kipimo chake mwenyewe mjane alichora alama kwa chaki ya kushonea, ambayo ilifutika kwa jasho na vumbi akaichora upya.

"Leo hii baiskeli ni ya nani?" kinyozi aliuliza siku ya nne, akiwakuta wanabishana nani achukue kipande cha kabla ya daraja.

"Ya kwetu," mjane akasema, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye nati.

Lakini rangi haikuumbwa kwa kazi ile. Kila nguzo ilipopita kwenye pete, pete ilikwangua. Siku ya nne jioni mstari ulikuwa vipande. Mjane aliuona. Spana naye aliuona, akamuuliza kwa sauti ya chini kama angependa waache kukisogeza, kiti kibaki kimoja hadi mwisho. Alifikiri. Akasema, "Acha ulike."

Asubuhi ya mwisho, wakiwa wameamka kwenye ukumbi wa kanisa moja pembezoni mwa mji, haikubaki hata chembe. Nguzo ilikuwa chuma kitupu. Spana alisimama na spana mkononi, kiti kiko chini, hajui la kufanya.

"Mama, kwa dada wa marehemu nifunge wapi? Na leo nani anaingia nayo?"

Wifi akasema haraka, "Anaingia yeye. Ndiye aliyetoka nayo nyumbani."

 Mjane alitia mkono kwenye mkoba akatoa futi yake ya kushonea, ile iliyochakaa kwenye namba zinazotumika sana.

"Simama wima, wifi. Tanua miguu kidogo."

"Unanipima sanda?"

"Simama, nimesema."

Akapiga magoti kwenye sakafu ya zege, lile bovu likilalamika. Akashika mwanzo wa futi juu, ndani ya paja, kama alivyofanya kwa wateja wasiohesabika, akaishusha hadi kwenye kisigino. Akabana kwa kidole gumba. Akasoma.

Hakuhitaji kusoma. Kipimo kile alikuwa nacho mikononi. Alikuwa amekikata kwenye suruali za Mlingoti za kazini, suruali za sherehe, na ile nyeusi ambayo hakupata kuivaa. Kilikuwa kile kile. Alibaki amepiga magoti, kidole kwenye namba, hadi watu wengine wakaanza kuangalia pembeni.

"Vipi?" wifi akauliza huko juu, sauti ikiwa imeshuka. "Kimezidi?"

"Hakijazidi."

Akainuka, akapeleka futi kwenye baiskeli, akapima kutoka pedali hadi kiti, akampa Spana ishara: juu, juu tena kidogo, hapo. Pete ikabana. Akaviringisha futi kwenye vidole viwili akairudisha mkobani.

"Ingia nayo wewe," akamwambia wifi yake. "Mimi nitakaa mbele kwenye gari. Nataka kumwona akifika."